Kutengeneza kifaa cha kufuatilia deliriamu kwa wagonjwa wa ICU: mwongozo kamili, kuanzia kitandani hadi kibali

Mgonjwa wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, anayepiga kelele, anayevuta mipira na kutaka kushuka kitandani hahitaji kifaa. Wodi nzima inamwona. Anayehitaji kifaa ni yule aliyelala kimya, macho nusu wazi, anayeitikia kwa kichwa kila anachoulizwa, na ambaye kwenye chati ameandikwa "ametulia". Akili yake imevurugika tangu jana jioni na hakuna aliyejua. Huo ndio mwongozo wangu kwa mtu yeyote anayetaka kuingia kazi hii: jenga kwa ajili ya mgonjwa aliye kimya. Ukijenga kwa ajili ya mwenye fujo utapata matokeo mazuri kwenye karatasi na hutamsaidia mtu.

Deliriamu ni kuvurugika kwa ghafla kwa umakini na fahamu kunakoletwa na ugonjwa, upasuaji au dawa. Hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na ndiyo maana daktari anayepita asubuhi anaweza asiione. Mwaka 2001 timu ya Wesley Ely wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia waliipata. Mwaka 2004 timu hiyo hiyo ikaonyesha kuwa waliopata deliriamu walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi 6 takriban mara tatu ya wasioipata. Mwaka 2013 ikafuata habari nyingine ngumu: kadiri deliriamu inavyodumu, ndivyo kumbukumbu na uwezo wa kufikiri unavyokuwa dhaifu mwaka mmoja baadaye, hata kwa vijana.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kupima mawimbi ya umeme wa ubongo, yaani EEG, kwa elektrodi chache (vipokea-umeme vinavyowekwa kwenye ngozi ya kichwa). Nimeichagua kwa sababu kuna kazi ya kweli ya kuifuata, iliyofanyika Utrecht, Uholanzi.

Hatua ya 1: Shinda wodini kabla hujanunua hata waya

Omba ruhusa ukae ICU zamu nzima, mchana kisha usiku. Angalia mikono ya muuguzi. Ana dakika ngapi kwa kila mgonjwa? Kitanda tayari kina monita, pampu za dawa na mashine ya kupumulia. Kifaa chako kitakaa wapi? Soketi zipo ngapi, na umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani kuwaka? Kichwa cha mgonjwa kinafikika, au pembeni ya shingo kuna katheta na plasta mpaka sikioni?

Hapo hapo jifunze kutumia CAM-ICU, njia ya mkono iliyoenea kuliko zote. Ina mambo manne: mabadiliko ya ghafla au yanayopanda na kushuka, umakini uliopungua, kiwango cha fahamu kisicho cha kawaida, na mawazo yaliyovurugika. Mgonjwa anahesabiwa kuwa na deliriamu akiwa na mawili ya kwanza pamoja na mojawapo ya yaliyobaki. Umakini hupimwa kwa kumsomea herufi kumi taratibu, naye abane mkono wako kila anaposikia A. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini umepungua. Asiyejua herufi ana toleo la picha. Kabla ya yote hayo hupimwa kiwango cha usingizi kwa skeli ya RASS, inayoanzia -5 hadi +4. Aliye kwenye -4 au -5 hapimwi, kwa sababu hana fahamu ya kutosha kujibu.

Ifanye mwenyewe, chini ya uangalizi wa muuguzi mzoefu, mpaka uone jinsi mgonjwa anavyobana mkono kwa herufi mbili za kwanza, halafu mkono ukalegea na macho yakaenda darini. Mhandisi ambaye hajauona mkono huo ukilegea atajenga kifaa cha kupima kitu kingine.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya matumizi

Andika kifaa ni cha nani, kinatumiwa na nani, lini, na kinabadilisha uamuzi gani. Mfano: "Kifaa kinamsaidia muuguzi wa ICU kumtambua mgonjwa mtu mzima, asiye kwenye dawa nzito za usingizi, anayehitaji kuchunguzwa deliriamu ndani ya zamu hiyo."

Sentensi hiyo haisemi kwamba kifaa kinatambua ugonjwa. Kinasema nani achunguzwe. Tofauti hiyo itaamua ukubwa wa utafiti wako, daraja lako la hatari mbele ya mamlaka na hata rangi za skrini. Mamlaka zitaisoma neno kwa neno, kwa hiyo usiiandike haraka haraka.

Hatua ya 3: Chagua ishara ya kupima

Kuna njia nne zilizojaribiwa kwa uzito.

Ya kwanza ni kuhesabu mijongeo kwa kihisi cha mkononi. Ni rahisi na mgonjwa haoni shida, lakini mgonjwa aliye kimya, aliyelala usingizi wa kawaida na aliyedhoofika misuli wote hawajongei. Ya pili ni kipimo cha umakini cha kielektroniki: watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walitengeneza kisanduku chenye taa, kisha programu ya simu, ambapo mgonjwa huhesabu mimweko. Ni wazo zuri sana kwa sababu linapima kiini chenyewe cha deliriamu, ila linahitaji mgonjwa awe macho na ashiriki. Ya tatu ni kamera na vihisi vya mwanga na kelele, kama walivyofanya Chuo Kikuu cha Florida. Inakusanya mengi, na inagusa faragha ya mgonjwa, ya muuguzi na ya ndugu waliokuja kumwona.

Ya nne ni EEG. Tangu miaka ya 1940 madaktari George Engel na John Romano walionyesha kwamba ubongo wenye deliriamu hupunguza kasi ya mawimbi yake. Mawimbi ya alfa, ya takriban Hz 8 hadi 13 (mizunguko kwa sekunde), hupungua; yale ya polepole, theta (4 hadi 8) na delta (chini ya 4), huongezeka. Mwaka 2015 timu ya Utrecht ililinganisha wagonjwa 28 wenye deliriamu na 28 wasio nayo baada ya upasuaji wa kifua na moyo. Ilikuta kwamba elektrodi mbili tu, moja upande wa kulia wa paji (F8) na nyingine utosini kwa nyuma kidogo (Pz), macho yakiwa yamefumbwa, na dakika moja ya rekodi safi, zilitosha kuyatofautisha makundi hayo karibu bila kosa.

Usishangilie mapema. Kundi lilikuwa dogo, wagonjwa hawakuwa kwenye dawa za usingizi, na wale ambao hali yao ilikuwa na utata hawakuwamo. Kipimo kilipopelekwa baadaye kwenye hospitali kadhaa na wagonjwa wengi zaidi, uwezo wake ulishuka wazi. Ndivyo inavyokuwa kila mara kifaa kinapotoka kwa wagonjwa waliochaguliwa kwenda kwa wagonjwa wanaokuja. Panga bajeti na muda wako ukijua hilo.

Hatua ya 4: Tengeneza kipimo cha rejea kabla ya kifaa

Wengi hupita hatua hii mbio, na hapa ndipo miradi hufia.

Kifaa chako kitafundishwa na kupimwa kwa kulinganishwa na jibu fulani: huyu ana deliriamu, huyu hana. Jibu hilo linatoka wapi? Kishawishi ni kuchukua kilichoandikwa na wauguzi kwenye faili. Mwaka 2011 utafiti wa ICU kumi za Uholanzi uliangalia CAM-ICU inavyofanya kazi kwenye zamu za kawaida, siyo mikononi mwa watafiti. Wasio na deliriamu walitambuliwa vizuri, asilimia 98. Waliokuwa nayo walikamatwa asilimia 47 tu. Zaidi ya nusu walipita, na wengi wa wanaopita kwa kawaida ni wale walio kimya.

Ukifundisha algoriti kwa majibu hayo, unaifundisha kutomwona mgonjwa yule yule ambaye muuguzi aliyechoka hakumwona. Halafu ikimwona, takwimu zako zitaihesabu kuwa imekosea.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta wachunguzi wawili waliofunzwa, mmoja wao akiwa daktari wa magonjwa ya akili au ya mishipa ya fahamu ukimpata. Kila mmoja amchunguze mgonjwa kivyake, kwa vigezo vya DSM-5 (mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili), akisoma pia faili la saa 24 na kuzungumza na muuguzi na ndugu: "Mama huwa hivi nyumbani?" Ndugu anajua kitu ambacho hakuna mashine inayokijua. Wachunguzi wasione matokeo ya kifaa, na mwendesha kifaa asione majibu yao. Wakitofautiana, wa tatu aamue, na tofauti zenyewe zihifadhiwe. Uchunguzi na rekodi ya EEG vifuatane mara moja, kwa sababu hali ya saa nne asubuhi siyo ya saa kumi jioni.

Andika pia wale "pengine": dalili zipo lakini hazitoshi. Usiwatupe nje ya hesabu. Ndio wagonjwa halisi wa wodini.

Hatua ya 5: Elektrodi na elektroniki

Mawimbi unayotafuta yana ukubwa wa mikrovolti 10 hadi 100, katikati ya chumba kilichojaa nyaya za volti 230 na zaidi. Tumia chipu iliyotengenezwa kwa kazi hii. ADS1299 ya Texas Instruments, yenye biti 24 na chaneli 8, inapatikana na imeandikwa vizuri. Chukua sampuli 250 kwa sekunde; inatosha kabisa. Chaneli mbili zinatosha kuanzia, pamoja na elektrodi ya rejea na ya adhi.

Elektrodi ziwe za fedha na kloridi ya fedha. Futa ngozi kwa spiriti, sugua kidogo kwa jeli ya kusafishia, na hakikisha ukinzani ni chini ya kilo-omu 5 kabla ya kurekodi. Kifaa kipime ukinzani chenyewe na kikatae kuendelea ukiwa juu mno.

Pz iko kwenye nywele, na hapa usikopi vya Ulaya. Kibandiko cha jeli kinachoshika vizuri kwenye kichwa chenye nywele laini hakishiki kwenye nywele za kipilipili wala kwenye misuko. Tumia elektrodi za kikombe na paste ya kupitishia umeme, uziweke kwenye ngozi kati ya mistari ya nywele. Mgonjwa mwenye rasta bandia au wivingi anahitaji ridhaa ya ndugu kabla ya kufumua chochote, au sehemu mbadala kama nyuma ya sikio, ambayo ni lazima uipime upya kwa sababu namba zake hazitalingana na za Pz. Kifaa kisichofanya kazi kwenye misuko hakifanyi kazi kwa nusu ya wodi ya wanawake.

Kiendeshwe kwa betri wakati kimeunganishwa na mgonjwa, na kutuma data bila waya ukiweza. Hilo linapunguza kelele ya Hz 50, linapunguza hatari ya umeme, na umeme ukikatika hupotezi rekodi. Weka kinga ya mshtuko wa kuamsha moyo kwenye kila waya wa mgonjwa. Ganda lake livumilie kufutwa kwa spiriti na dawa za klorini kila siku, lisiwe na mifereji ya kuficha uchafu.

Hatua ya 6: Kutoka mawimbi hadi namba

Anza na njia rahisi kabla ya kukimbilia mitandao ya neva ya akili bandia. Chuja kati ya Hz 0.5 na 35. Kata rekodi vipande vya sekunde 4. Tupa vipande vichafu. Kwa vilivyobaki, kokotoa nguvu ya kila masafa kwa njia ya Welch (hesabu ya wastani wa vipande vingi), kisha gawanya nguvu ya Hz 1–4 kwa nguvu yote ya Hz 1–30. Matokeo ni sehemu ya nguvu iliyo kwenye mawimbi ya polepole. Ikiwa kubwa, ubongo unakwenda taratibu.

Kazi ngumu iko kwenye "tupa vipande vichafu". Kupepesa macho kunatoa wimbi kubwa la polepole kwenye elektrodi za mbele, na kwa kikokotoo kinafanana kabisa na delta. Ndiyo sababu ya kumfumba mgonjwa macho; asiyeweza kufumba, muuguzi amwekee kitambaa chepesi au vidole taratibu juu ya kope. Jasho hutoa mawimbi ya chini ya Hz 1. Kukaza taya kwa sababu ya mpira wa mdomoni huleta kelele ya misuli juu ya Hz 20, nayo inakuza namba inayogawanya (ile nguvu yote ya Hz 1–30) na kumfanya mgonjwa aonekane mzima. Kichwa kinachotikisika kidogo kila mashine inapopuliza hutoa mdundo wa pumzi 15 hadi 20 kwa dakika. Mapigo ya moyo nayo huingia. Rekodi mkondo wa pumzi na ECG (umeme wa moyo) sambamba ukiweza, ili uone nini kinakwenda pamoja na nini.

Kifaa kisipopata dakika safi, kiseme "hakuna rekodi ya kutosha". Kisikisie.

Kuna mawimbi ya polepole ambayo si uchafu na si deliriamu: usingizi mzito wa kawaida, dawa ya usingizi ya propofol, ini lililoshindwa, jeraha la kichwa, kifafa kisicho na mishtuko. Dawa za jamii ya benzodiazepini huongeza mawimbi ya kasi na kuficha picha. Kwa hiyo kila rekodi iandikwe pamoja na RASS, dawa za saa zilizopita na dozi zake, na mgonjwa aamshwe kwanza. Bila hayo, namba yako haina maana.

Hatua ya 7: Skrini, na kinachofuata baada yake

Fanya hesabu hii kabla ya kuchora skrini. Chukua wagonjwa 100, 30 wana deliriamu. Kifaa kinakamata asilimia 90 ya walio nayo na kuwaachia sawasawa asilimia 80 ya wasio nayo. Kitawaka kwa 27 wa kweli na 14 wa uongo, yaani theluthi mbili ya miwako ni sahihi. Kipeleke kwenye wodi ambako wenye deliriamu ni 10: kitawaka kwa 9 wa kweli na 18 wa uongo. Kifaa ni kile kile, na sasa kinakosea mara mbili katika kila mara tatu kinapowaka.

Kwa hiyo kisipige king'ora. ICU imejaa milio tayari, na deliriamu siyo moyo uliosimama. Pima mara moja kila zamu, matokeo yatoke kabla ya kukabidhiana, na skrini iseme mambo mawili: kiwango, na "mchunguze kwa CAM-ICU".

Kisha iorodheshe vya kutafuta: maambukizi, maumivu, oksijeni kupungua, kibofu kilichojaa, dawa iliyoongezwa jana, usiku bila usingizi, miwani iliyobaki nyumbani. Nasisitiza hili kwa sababu bila orodha hiyo mkono utaenda kwenye sindano. Mwaka 2018 utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa MIND-USA ulionyesha kwamba haloperidol, dawa ya kutuliza, haikufupisha deliriamu ya ICU ikilinganishwa na dawa bandia. Kifaa kinachozalisha sindano nyingi zaidi kimemdhuru mgonjwa, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Hatua ya 8: Usalama na viwango

Anza mafaili ya ubora siku ya kwanza; kuyaandika mwishoni ni kuyatunga. ISO 13485 inasimamia mfumo wa ubora, ISO 14971 hatari, IEC 60601-1 usalama wa umeme, IEC 62304 programu, IEC 62366-1 urahisi wa matumizi, na ISO 10993 vitu vinavyogusa ngozi. Kwa sehemu ya daraja la BF inayogusa mwili, mkondo geu (AC) unaovujia kwa mgonjwa usizidi mikroampia 100 kifaa kikiwa kizima, na 500 kikiwa na hitilafu moja. Peleka kwenye maabara yenye ithibati.

Hatua ya 9: Utafiti kwa wagonjwa

Ukitaka kujua uwezo wa kukamata kwa uhakika wa jumlisha au toa asilimia 7, na unategemea uwe karibu 85, unahitaji takriban wagonjwa 100 wenye deliriamu. Kama wenye nayo wodini ni asilimia 30, hao ni zaidi ya 330 kwa jumla. Hospitali moja haitoshi, na si vizuri itoshe: kiwango cha kukatia (namba ambayo ikivukwa kifaa kinawaka) kiwekwe kwenye hospitali moja, kifungwe, kisha kijaribiwe kwenye nyingine bila kuguswa. Tenga matokeo ya walio kimya na wenye fujo. Andika ripoti kwa kufuata STARD 2015, mwongozo wa kuripoti tafiti za vipimo.

Ridhaa ina ugumu wake. Mgonjwa mwenye deliriamu hawezi kuridhia, hivyo ndugu ndiye anayeulizwa, naye yuko kwenye hofu. Mweleze wazi kwamba kifaa hakitabadilisha matibabu ya sasa, na kwamba kukataa hakupunguzi huduma. Mgonjwa akipata nafuu aulizwe mwenyewe, na akikataa rekodi yake ifutwe. Tanzania kibali cha maadili cha kitaifa hupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu data zako; Kenya utahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Hatua ya 10: Kibali, na maisha ya kifaa baada ya kibali

Wasiliana mapema na mamlaka husika: TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, na kwa soko la Ulaya utakutana na kanuni ya MDR 2017/745. Wapelekee sentensi ya Hatua ya 2 kabla ya kupeleka jedwali la matokeo.

Kabla ya kuuza, piga hesabu ya elektrodi na paste kwa mwaka mzima wa kupima kila zamu, na ujue hospitali itazinunua kwa fungu gani. Vifaa vingi vya msaada vimelala stoo kwa kukosa kitu kidogo cha kutumia mara moja na kutupa. Funza fundi wa vifaa tiba wa hospitali abadilishe betri na waya mwenyewe, na umwachie vipuri.

Hifadhi mawimbi ghafi, siyo namba peke yake. Kila baada ya miezi michache mchunguzi aliyefunzwa apite wodini, achunguze wagonjwa bila kuona kifaa, mlinganishe. Dawa za usingizi zinazotumika zinabadilika, wagonjwa wanabadilika, na kiwango cha kukatia kinaweza kuchakaa bila kifaa kuonyesha hitilafu yoyote. Toleo jipya la programu lisifike kitandani kabla halijapitishwa kwenye rekodi zote za zamani, na kila mgonjwa ambaye jibu lake limebadilika kuangaliwa upya na daktari, mmoja baada ya mwingine.